Edward Steere na Herufi Zisizotamkwa

Kisiwa cha Fundo kiko magharibi ya Pemba, mkabala na mji wa Wete, na wengi wa wakazi wake ni wavuvi. Mtoto wa Fundo anapoingia skuli hukuta kwamba lugha ya kitabu chake cha kwanza ni lugha ya nyumbani kwao. Akishajua sauti za herufi na namna ya kuziunga ziwe silabi, huweza kusoma hata neno asilopata kuliona kabla. Jina la kisiwa chake lina herufi tano, na zote tano husikika. Baadaye mtoto huyo huyo hufundishwa kwamba kwa Kiingereza kisiwa huandikwa “island”, na humo hukuta s ambayo hakuna mtu aitamkaye. Kisha huja “knife”, yaani kisu, yenye k isiyosikika, na “night”, yaani usiku, yenye g na h zilizokaa kimya katikati ya neno.

Mtoto akiandika “ailand”, “naif” na “nait”, daftari lake humrudia limejaa alama za makosa. Yako madarasa ambamo mtoto wa namna hiyo huitwa mzito wa akili, naye mwishowe akalichukia somo lote. Lakini tukilitazama jambo hili vizuri tutaona kwamba mtoto ametii kanuni aliyofundishwa tangu siku ya kwanza, kwamba kinachosikika ndicho kinachoandikwa. Kanuni hiyo ina historia, na mmoja wa watu walioithibitisha katika Kiswahili cha herufi za Kirumi alikuwa Mwingereza, mtu ambaye lugha yake mwenyewe haiifuati. Yafaa basi kila mwanachuo anayejiandaa kufundisha lugha hizi mbili ayajue maisha ya Edward Steere.

Malezi na elimu yake

Edward Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei, 1828. Alisoma katika Chuo cha University College cha mji huo, akapata shahada yake ya kwanza mwaka 1847. Aliendelea na masomo ya sheria mpaka akapata shahada ya udaktari, na mwaka 1850 aliruhusiwa kufanya kazi ya uwakili. Kazi hiyo haikumridhisha. Mwaka 1856 alipewa daraja ya ushemasi katika Kanisa la Kianglikana, na mwaka 1858 akawa kasisi. Alifanya kazi katika jimbo la Lincolnshire, na tangu mwaka 1862 alikuwa na parokia yake katika kijiji cha Little Steeping. Kando ya sheria na dini alikuwa na ujuzi mwingine ambao baadaye ulimfaa mno, nao ni kupiga chapa.

Kila mtoto wa Kiingereza wa wakati huo alipaswa kuyakariri maendelezo ya maneno ya lugha yake, kwa sababu masikio peke yake hayakutosha kumwongoza. Hata watu wazima hawakuwa wamekubaliana katika yote. Kamusi kubwa ya Samuel Johnson, iliyotoka mwaka 1755, iliandika “musick” na “publick” kwa kutia k mwishoni, na k hiyo ilikuja kuachwa. Mwaka ule ule wa 1828 aliozaliwa Steere, Noah Webster alichapisha kamusi yake huko Marekani, akaandika “color” na “honor” bila ya u ambayo Waingereza wanaitia hata leo. Webster aliwahi pia kupendekeza kwamba neno la ulimi, “tongue”, liandikwe “tung”, lakini katika hilo watu hawakumfuata. Tunaona hapa kwamba maendelezo ni mapatano ya watu. Mapatano yanaweza kubadilishwa, lakini hayabadilishwi na mtu mmoja bila ya wengine kuridhia.

Asili ya herufi zisizotamkwa

Kabla ya kumfuata Steere mpaka Unguja, hatuna budi kuuliza kwa nini lugha yake iliandikwa hivyo. Kwa faida ya mwalimu, herufi zisizotamkwa za Kiingereza zaweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la herufi zilizokuwa zikitamkwa zamani. K ya “knife” ilisikika vinywani mwa Waingereza kwa karne nyingi, na haikunyamaza kabisa mpaka karne ya 17. W ya “write”, yaani kuandika, nayo ilikuwa na sauti yake. Zile gh za “night” ziliwakilisha sauti iliyokaribiana na kh tunayoisikia katika jina Khamis. Sauti zikafa, maandishi yakabaki. Sababu moja kubwa ni kwamba William Caxton alianzisha kazi ya kupiga chapa Uingereza mwaka 1476, na vitabu vilipoanza kuenea, maendelezo yakaanza kuganda. Matamshi hayakungoja. Kati ya karne ya 15 na ya 17 irabu ndefu za Kiingereza zilihama kutoka mahali pake pa zamani. Neno “name”, yaani jina, ambalo leo hutamkwa karibu na “neim”, miaka mia sita iliyopita lilitamkwa kwa silabi mbili zilizokaribia “na-me”. Kwa hiyo mtoto wa Fundo anayelisoma neno hilo “na-me” hulisoma karibu na walivyolitamka Waingereza wa kale.

Kundi la pili ni la herufi ambazo hazikutamkwa hata siku moja. Neno la deni liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa likiwa halina b, na watu waliliandika kama “dette”. Wataalamu waliokistahi Kilatini wakaona kwamba asili yake ya mbali ina b, wakaitia, likawa “debt”. Neno la kisiwa nalo halikuwa na s. Lilikuwa neno la Kiingereza cha asili, likiandikwa “iland” au “yland”. Katika karne ya 16 watu walilifananisha na neno jingine la kisiwa, “isle”, ambalo ni la asili ya Kilatini, wakalitia s ambayo si yake. Mtoto anayeiacha s ya “island” ameacha kitu ambacho hata babu wa Waingereza hawakuwa nacho.

Kundi la tatu ni la herufi zisizotamkwa lakini zina kazi. E ya mwisho katika “kite”, yaani tiara, haisikiki, lakini ndiyo inayoitofautisha i ya neno hilo na i ya “kit”. Hali kadhalika “hope” na “hop”. Herufi hii humwambia msomaji namna ya kuitamka irabu iliyotangulia. Mwalimu asiichanganye na zile za makundi mawili ya kwanza, kwa maana hii yaweza kufundishwa kwa kanuni, na zile aghalabu hufundishwa kwa mazoea.

Kufika Unguja

Mwaka 1863 Steere aliiacha parokia yake akafuatana na rafiki yake William Tozer, aliyekuwa amefanywa askofu wa misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza katika Afrika ya Kati. Kwanza walikwenda upande wa mto Zambezi na Shire, lakini mambo yaliwawia magumu. Mwishoni mwa Agosti 1864 waliwasili Unguja, katika utawala wa Sayyid Majid bin Said. Mji wa Unguja wakati huo ulikuwa soko kubwa la watumwa. Wanafunzi wa kwanza wa misheni walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, ambao Sayyid Majid aliwakabidhi kwa Tozer. Watoto hao na wengine waliowafuata walitoka bara, na kila mmoja alikuja na lugha ya kwao. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kuwaunganisha.

Steere hakukijua Kiswahili. Alikaa chini akajifunza kwa watu wa mji. Miongoni mwa waliomsaidia alikuwako kijana Hamisi wa Kayi, na Sheikh Muhammad bin Ali, mmoja wa wanazuoni wa Unguja. Haifai kulisahau jambo hili. Kitabu hubeba jina la aliyekiandika, lakini elimu iliyomo ilitoka kwa wenye lugha. Walimsimulia hadithi, wakamweleza maana za maneno, naye akaandika.

Hakuwa mtu wa kwanza kujaribu kazi hiyo. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikuwa ameandika sarufi iliyotoka mwaka 1850, na alikuwa akikusanya kamusi kubwa. Lakini Krapf alikisikiliza Kiswahili cha Mombasa, na Steere alikisikiliza Kiswahili cha mji wa Unguja. Palipo na “nti” na “mato” kaskazini, Steere alisikia “nchi” na “macho”. Kila mmoja aliandika alichokisikia mahali alipokaa.

Tena Kiswahili hakikuwa lugha isiyo na maandishi. Kwa karne nyingi watu wa pwani walikuwa wakiandika tenzi, barua na hati kwa herufi za Kiarabu. Maandishi hayo yalikuwa na uzuri wake, nayo yalikuwa na tabu yake. Kiarabu kina alama tatu za irabu fupi, na Kiswahili kina irabu tano. E na i zilikaa chini ya alama moja, o na u zikakaa chini ya nyingine. Tena Kiarabu hakina herufi za p, v na ch. Msomaji aliyeijua lugha hakusumbuka sana, kwani maana ya sentensi ilimwonyesha neno lililokusudiwa. Mgeni na mtoto walipata shida.

Uamuzi wa herufi

Hapa ndipo tunapoifikia kazi iliyomfanya Steere akumbukwe. Alikuwa na herufi za Kirumi mkononi, na alipaswa kuamua kila moja itasimama badala ya sauti ipi. Kanuni aliyoishika ni fupi: konsonanti zitamkwe kama za Kiingereza, na irabu zitamkwe kama za Kiitaliano. Ndiyo sababu tuna ch, sh, j na y zinazofanana na za Kiingereza. Lakini irabu za lugha yake mwenyewe aliziacha. Mwalimu hatashangaa akikumbuka kwamba herufi a peke yake ina sauti moja katika neno la paka, “cat”, sauti nyingine katika neno la mpira, “ball”, na nyingine katika lile “name”. Kiitaliano kina irabu zilizotulia, na Kiswahili nacho kina irabu zilizotulia. Steere alichukua kilichofaa na akakiacha kisichofaa, hata kama kilikuwa chake.

Uamuzi huo aliutia katika vitendo papo hapo. Misheni ilikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na vijana waliokombolewa utumwani walifundishwa kuzipanga herufi za risasi, moja moja, kwa mkono. Mwaka 1867 ulichapwa Unguja mkusanyo wake wa lugha ya Kishambala. Katika kazi ya namna hiyo kila herufi ni jasho la mtu, na herufi isiyo na sauti ni jasho la bure. Vijana hao walikuwa wakijifunza kusoma na wakati huo huo wakitengeneza cha kusomwa. Kanuni iliyo wazi iliwafaa kwa yote mawili.

Mwaka 1868 Steere alirejea Uingereza, na huko akavitoa vitabu alivyokuwa amevitayarisha. Mwaka 1870 ulitoka mwongozo wake wa lugha ya Kiswahili kama kisemwavyo Unguja, na mwaka huo huo mkusanyo wa hadithi za Kiswahili zilizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Wasomaji wa huko waliweza kuziona lugha hizi mbili zikikabiliana: moja ikiandika kila inachokisema, na nyingine ikiandika hata isivyovisema.

Miaka yake ya mwisho

Steere alirudi Unguja mwaka 1872. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni, 1873, Sayyid Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yake. Siku ya Krismasi ya mwaka huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa kuu mahali palipokuwa soko la watumwa, Mkunazini, na Steere mwenyewe alisimamia ujenzi wake kwa miaka kadhaa. Mwaka 1874 alifanywa askofu. Mwaka 1875 alitembea kwa miguu kutoka Lindi mpaka Mwembe, kwa Mataka, mkuu wa Wayao. Mwaka 1876 alifuatana na kundi la watu waliokombolewa utumwani, ambao walifanya maskani yao Masasi.

Pamoja na shughuli hizo hakuiacha kalamu. Mwaka 1878 ulitoka mkusanyo wake wa mazoezi ya Kiswahili kwa wanaojifunza, na alijitahidi katika tafsiri ya Agano Jipya. Alifariki Unguja mwezi wa Agosti 1882, akazikwa katika kanisa alilolijenga. Mwaka huo huo ilichapishwa kamusi ya Krapf, aliyekuwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia. Yatupasa kusema wazi kwamba nia ya Steere ilikuwa kueneza dini yake, na vitabu vyake vingi vilikusudiwa kazi hiyo. Lakini kanuni ya maandishi haina dini. Ilitumiwa baadaye na serikali, na wachapaji wa magazeti, na washairi, na walimu wa kila imani.

Maendelezo yaliyobadilika baada yake

Isidhaniwe kwamba Steere alipokufa kazi ilikuwa imekamilika. Mwenzake A. C. Madan aliupitia upya mwongozo wake, kisha akatoa kamusi zake mwaka 1894 na mwaka 1903. Mwaka 1928, miaka mia kamili tangu kuzaliwa kwa Steere, mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa lugha sanifu. Tangu mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kuyapatanisha maendelezo ya vitabu vya skuli.

Baadhi ya maneno hatuyaandiki tena kama alivyoyaandika Steere. Yeye aliandika “fetha” na “thahabu”, akitumia th kwa sauti mbili zilizo mbali, kama lugha yake ya Kiingereza inavyofanya mpaka leo. Baadaye dh ilitengwa na th, nasi tunaandika fedha na dhahabu. Aliandika “khabari” kwa kufuata sauti ya Kiarabu, na leo twaandika habari. Aliandika “Muungu” kwa u mbili, na leo twaandika Mungu. Kwa hiyo Kiswahili nacho kimebadilisha maendelezo yake. Tofauti ni kwamba mabadiliko yetu yalifanyika maandishi ya Kirumi yakiwa bado machanga na vitabu vikiwa vichache. Waingereza walikuwa na vitabu vya karne nyingi ambavyo hakuna aliyetaka kuona wajukuu wake wakishindwa kuvisoma.

Wala kanuni ya Kiswahili haitimii kwa ukamilifu. Mvuvi wa Fundo hulitofautisha kaa wa baharini na kaa la moto kwa pumzi inayotoka pamoja na k ya neno la kwanza. Herufi zetu hazionyeshi tofauti hiyo. Ni kinyume cha herufi isiyotamkwa, kwa maana hapa ipo sauti isiyoandikwa. Tena katika Pemba watu wengi husema “ntoto” na “nke” pale ambapo kitabu husema mtoto na mke. Mtoto wa huko akiandika kama asikiavyo ataandika n, na mwalimu atamtaka aandike m. M hiyo huandikwa kwa sababu masikio yaliyosikiliza mwaka 1864 yalikuwa Unguja mjini, na kwa sababu mkutano wa 1928 uliuthibitisha usemi wa huko. Kwake yeye ni herufi ya mapatano, kama zilivyo herufi za Kiingereza, ijapokuwa ni moja moja na si nyingi.

Mambo ya kuzingatia darasani

Kutokana na historia hii mwanachuo aweza kupata mwongozo katika mambo manne.

La kwanza, asilihukumu kosa kabla ya kulisoma. Mtoto aliyeandika “nait” amesikia vizuri, amezigawa sauti vizuri, na amechagua herufi sahihi kwa kanuni ya Kiswahili. Mtoto aliyeandika “ngith” amekosa kwa namna nyingine kabisa, kwani amezikumbuka herufi bila ya mpangilio wake. Wote wawili hupata alama ya kosa katika imla, lakini hawahitaji msaada wa namna moja. Wa kwanza anahitaji kuambiwa kwamba Kiingereza kina desturi nyingine. Wa pili anahitaji mazoezi ya macho na ya mkono.

La pili, atumie elimu aliyokuja nayo mtoto. Watoto wengi wa Pemba husoma chuoni kabla ya kuingia skuli au sambamba na skuli, na huko wamekwisha kukutana na herufi isiyotamkwa. Katika jina Ar-Rahman lamu imeandikwa, lakini hakuna aisomaye. Sauti yake imemezwa na r inayofuata. Mbele ya herufi za mwezi lamu husikika, mbele ya herufi za jua hunyamaza, na mtoto hulijua hilo bila ya kusumbuka. Mwalimu akimkumbusha jambo hilo kabla ya kumwonyesha “knife”, mtoto hataona tena kwamba Kiingereza ni kioja. Ataona kwamba lugha nyingine, na mojawapo anayoiheshimu, nazo huandika kisichosomwa. Kilichobaki ni kujifunza wapi na lini.

La tatu, ayafundishe maneno kwa makundi. Siku moja afundishe yale yanayoanza kwa kn, siku nyingine yenye ight, kama “night”, “light” na “right”, siku nyingine yenye e ya mwisho inayofanya kazi. Maneno ya pekee kama “island” na “debt” ayafundishe kwa hadithi yake, kwa sababu mtoto hukumbuka zaidi neno lililo na kisa. Asiyachanganye yote katika imla ya siku moja, kwani hapo mtoto hawezi kuona utaratibu wowote.

La nne, awaonyeshe watoto namna Kiswahili kilivyoyapokea maneno ya Kiingereza. Neno skuli limetokana na “school”, na Waswahili walipolichukua waliiacha h kwa kuwa hawakuisikia. Neno kabati limetokana na “cupboard”, nalo liliiacha p kwa sababu hiyo hiyo. Darasa laweza kupewa kazi ya kukusanya maneno ya namna hiyo, kuyaandika kwa safu mbili, na kupiga mstari chini ya kila herufi iliyoachwa. Kazi hiyo haihitaji vifaa zaidi ya ubao na chaki. Itawafanya watoto waziangalie herufi zisizotamkwa kwa udadisi, na woga utapungua.

Steere alikuwa mwanafunzi wa Kiswahili kabla ya kuwa mwandishi wake. Alikuja na shahada tatu, akakubali kusahihishwa na kijana wa mjini kuhusu sauti za lugha asiyoijua. Mwalimu aliye mbele ya darasa la Fundo naye yumo katika hali inayofanana, hasa akiwa ametoka sehemu nyingine ya nchi. Ayasikilize kwanza matamshi ya watoto wake kwa juma moja au mawili, aandike katika daftari lake sauti zinazotofautiana na kitabu, na baada ya hapo apange masomo yake ya maendelezo. Atajua ni makosa yapi yanatoka katika Kipemba, yapi yanatoka katika kanuni ya Kiswahili iliyopelekwa kwenye Kiingereza, na yapi yanatoka katika kutojali. Hayo ya mwisho, akiyahesabu, atayakuta machache kuliko alivyodhani.